Tokeni za Wafanyabiashara Zilizotumika Kama Chenji Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

1. Tokeni hizi ni nini hasa?

Ni vipande vidogo vya madini, vingi vikiwa vya shaba nyekundu au ya manjano, ambavyo wenye maduka, wenye baa, waoka mikate, wauza dawa na vinyozi wa Marekani waliviagiza kwa mafundi na kuvitoa mikononi mwa wateja badala ya senti moja iliyokuwa imetoweka. Nyingi zina tarehe ya mwaka 1863, na karibu zote zilitolewa kati ya 1861 na 1864. Kipenyo chake cha kawaida ni takribani milimita 19, yaani sawa na senti ya serikali ya wakati huo, ili mpokeaji asisite kuichukua.

Serikali haikuzitoa wala haikuzidhamini. Kilichozifanya zipokelewe ni jina la mwenye duka lililoandikwa juu yake, pamoja na matumaini ya mteja kwamba akirudi nayo kesho atapewa bidhaa ya senti moja. Msomaji aliyezoea neno tokeni kwa namba za umeme hayuko mbali na maana yake: ni kitu kinachosimama mahali pa fedha iliyokwisha kulipwa.

2. Kwa nini senti zilitoweka?

Mwisho wa Desemba 1861 benki za New York ziliacha kuwalipa watu dhahabu kwa noti zao, na Februari 1862 serikali ikaruhusiwa kutoa noti ambazo hazikuweza kubadilishwa kwa dhahabu. Watu wakaanza kuficha madini. Dhahabu ilitangulia, fedha ikafuata katikati ya mwaka 1862, na hatimaye hata senti ya kawaida, iliyokuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ikaingia vibubuni. Anayejua adha ya kurudishiwa pipi au kibiriti dukani kwa sababu mangi hana chenji anaweza kukisia hali ilivyokuwa pale nchi nzima ilipokosa chenji kwa wakati mmoja.

Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 iliruhusu stempu za posta zitumike kama fedha, lakini gundi yake ilinata mifukoni na karatasi ikachanika. Mwezi uliofuata serikali ilianza kutoa noti ndogo za senti 5, 10, 25 na 50. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili: noti hizo hazikushuka chini ya senti tano. Mwenye kuuza mkate, gazeti au kikombe cha bia bado hakuwa na njia ya kurudisha senti moja au mbili, na pengo hilo ndilo lililojazwa na tokeni.

3. Nani alizitengeneza?

Mafundi wa kuchonga mihuri, yaani vile vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa picha na herufi kinyumenyume, ambavyo hugandamizwa kwa nguvu juu ya kipande cha shaba kitupu. Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ulikuwa mji mkubwa wa kazi hiyo, na humo walikuwamo John Stanton, William Lanphear na karakana ya Murdock & Spencer. New York kulikuwa na Emil Sigel na Louis Roloff. Kiwanda cha Scovill kilichokuwa Waterbury, Connecticut, nacho kilitengeneza nyingi.

Mwenye duka alizinunua kwa wingi kwa bei iliyo chini ya senti moja kila kipande, kisha akazitoa kwa thamani ya senti moja. Alipata chenji, alipata faida kidogo, na alipata tangazo lililotembea mifukoni mwa watu. Ili kupunguza gharama, fundi alichonga muhuri mpya wa upande wenye jina la duka tu, na upande wa pili akatumia muhuri aliokuwa nao tayari. Ndiyo maana kichwa kilekile cha Mhindi Mwekundu mwenye taji la manyoya, kilichoigwa kutoka senti ya serikali, hukutwa kwenye tokeni za maduka yaliyo katika miji tofauti kabisa.

4. Je, zilikuwa halali, na ni halali kuzimiliki leo?

Mwanzoni haikuwa wazi kama sheria ilikataza kipande cha shaba kisichojifanya kuwa fedha ya serikali. Mafundi walijikinga kwa maneno. Tokeni nyingi zina maandishi NOT ONE CENT, yaani "si senti moja", ambapo neno la kukanusha limechongwa kwa herufi ndogo na maneno ONE CENT yakawekwa makubwa, ili jicho la haraka lione senti na mwanasheria aone kanusho. Nyingine ziliandikwa I.O.U. 1 CENT, yaani "nadaiwa senti moja". Kwangu mimi maneno hayo ndiyo ya kweli kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya kipande cha shaba.

Sheria ya tarehe 22 Aprili 1864 ilianzisha senti mpya ya shaba nyembamba na sarafu ya senti mbili, na papo hapo ikapiga marufuku watu binafsi kutoa vipande vya thamani hizo. Sheria ya tarehe 8 Juni 1864 ilipanua katazo hilo hadi sarafu binafsi za aina zote. Senti mpya ilikuwa na uzito wa gramu 3.11, ilhali ile ya zamani ilikuwa na gramu 4.67. Mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu cha serikali, James Pollock, alikuwa ameona jinsi wananchi walivyopokea tokeni nyembamba bila malalamiko, na jambo hilo likampa hoja ya kupunguza uzito wa senti yenyewe.

Kilichokatazwa ni kuzitoa, si kuwa nazo. Kuzinunua, kuziuza na kuzihifadhi hakuna tatizo lolote.

5. Kisa cha Lindenmueller ni kipi?

Gustavus Lindenmueller alikuwa mwenye baa mjini New York, na mwaka 1863 alitoa tokeni zaidi ya milioni moja. Upande mmoja una sura yake mwenyewe yenye ndevu nyingi, na upande wa pili una kikombe cha bia kinachofoka povu. Zilienea mno hata kampuni ya magari ya reli ya Third Avenue ikawa inazipokea kama nauli. Inasimuliwa kwamba kampuni ilipokusanya rundo kubwa na kumwendea azikomboe, alikataa, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Kisa hicho hutajwa kila mara miongoni mwa sababu za sheria za 1864 (swali la 4).

Tokeni yake ni kubwa kuliko za kawaida, na kwa kuwa zilikuwa nyingi, mkusanyaji mpya anaweza kuipata bila kuumia. Ninayo moja, na huwaonyesha wageni hiyo kabla ya nyingine zote. Pua na mashavu ya bwana huyo yamesagika hadi yakawa laini, lakini povu la bia bado linahesabika kwa kucha. Ni wazi kwamba ilipita mikono mingi kabla ya mtu kuambiwa kuwa haina mwenyewe.

## Aina zake

6. Kuna tofauti gani kati ya tokeni za maduka na tokeni za uzalendo?

Tokeni ya duka ina jina la mfanyabiashara, mara nyingi pamoja na mji, mtaa na kazi yake. Tokeni ya uzalendo haina jina la mtu wa kuidai. Ina picha na kaulimbiu za upande wa Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini, kama vile bendera, mizinga, au meli ya chuma Monitor iliyopigana tarehe 9 Machi 1862. Wafanyabiashara wasiotaka gharama ya muhuri wao wenyewe walinunua hizi za uzalendo na kuzitoa vivyo hivyo kama chenji.

Maarufu kati ya za uzalendo ni zile za Dix. John Dix, akiwa waziri wa fedha, alituma agizo kwa telegrafu tarehe 29 Januari 1861 kwamba yeyote atakayejaribu kuishusha bendera ya Marekani apigwe risasi papo hapo. Maneno hayo yalichongwa, kwa kubadilishwa kidogo, kwenye mihuri mingi ya 1863. Mchongaji mmoja aliandika SPOOT badala ya SPOT, na kosa hilo la herufi moja linatafutwa hadi leo.

Zipo pia zenye uchungu. Mojawapo inasema kwamba mamilioni yanakwenda kwa makandarasi na hakuna hata senti moja kwa wajane. Wanaodhani kwamba tokeni za vita ni za kusifu vita tu waisome hiyo.

7. Tokeni za wachuuzi wa jeshini zinahesabika humu?

Ni ndugu zake, lakini wakusanyaji wengi huziweka kando. Kila kikosi kiliruhusiwa kuwa na mchuuzi aliyekifuata kambini akiuza tumbaku, biskuti, karatasi za barua na mengineyo. Askari aliyeishiwa kabla ya mshahara alipewa tokeni kwa mkopo, za senti 5, 10, 25 au 50, na zilitumika kwa mchuuzi huyohuyo tu. Namba ya kikosi huandikwa mara nyingi, kwa hiyo kipande kimoja huweza kufuatiliwa hadi kwa watu waliokuwa mahali fulani mwaka fulani. Ni adimu na ghali kuliko tokeni za mjini.

8. Na zile stempu zilizo ndani ya kifuko cha chuma?

Huo ni uvumbuzi wa John Gault, uliopewa hataza tarehe 12 Agosti 1862: stempu halisi ndani ya kifuko cha duara cha shaba ya manjano, imefunikwa kwa ulanga, madini membamba kama kioo, unaoonyesha, na mgongoni pana tangazo la mfanyabiashara. Zinatokana na shida ileile (swali la 2), ila thamani yake ilidhaminiwa na stempu iliyomo ndani. Usijaribu kuifungua, ulanga ukivunjika, thamani imekwisha.

9. Mbona karibu zote ni za Kaskazini?

Viwanda na mafundi walikuwa Kaskazini, na Kusini kulitegemea noti za karatasi hata kwa thamani ndogo sana. Tokeni za maduka hupatikana zaidi New York, Ohio, Michigan, Indiana, Illinois, Wisconsin na Pennsylvania.

10. Sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916 ni tokeni za aina hii?

Hapana, ingawa swali ni la haki, kwa kuwa chanzo kinafanana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za baharini, utawala wa Kijerumani ulikosa chenji, ukapiga sarafu katika karakana ya reli Tabora: hela 5, hela 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Lakini aliyezitoa ni serikali, si mwenye duka. Zina herufi T ya Tabora, na zilikuwa fedha kamili. Hela hiyo ndiyo iliyotuachia neno tunalolitumia kila siku kwa fedha zote. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki anaweza kuziweka mezani pamoja na tokeni za Marekani kwa kulinganisha, mradi asiziite kwa jina moja.

## Kutambua

11. Namba kama NY630 au OH165 zina maana gani?

Ni namba za Fuld, zilizopangwa na George Fuld na baba yake Melvin. Kwa tokeni za maduka, herufi mbili za kwanza ni jimbo na tarakimu zinazofuata ni mji: NY630 ni jiji la New York, OH165 ni Cincinnati. Baada ya hapo hufuata herufi kubwa za mfanyabiashara, namba ya aina, na herufi ndogo ya madini, ambapo *a* ni shaba nyekundu na *b* ni shaba ya manjano. Tokeni za uzalendo hupewa namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, moja kwa kila muhuri.

Aina zilizoorodheshwa zinapita 10,000, na idadi ya vipande vilivyotolewa hukadiriwa kuwa milioni 25 hivi. Kwa hiyo "ninayo tokeni ya 1863 yenye kichwa cha Mhindi" haimwambii mtu kitu. Anza na upande wenye jina, soma kila herufi kwa kioo cha kukuzia, ndipo ugeukie upande wa picha.

12. R-1 hadi R-10 ni daraja la hali au la uadimu?

La uadimu. R-1 ni aina inayokadiriwa kuwa na zaidi ya vipande 5,000 vilivyobaki, R-5 ni kati ya 75 na 200, R-9 ni viwili hadi vinne, na R-10 ni kimoja peke yake. Hali ya kipande, yaani kusagika kwake, ni jambo jingine kabisa.

Uadimu nao si bei. Kipande cha R-8 ambacho kimekuwa adimu kwa sababu tu ya madini yake chaweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko cha R-5 cha mji uliokuwa na mfanyabiashara mmoja tu, kwa sababu kila anayekusanya miji anakihitaji hicho kimoja.

13. Changu ni kikubwa na kina tarehe 1837. Ni cha vita hivi?

Si cha vita. Ni tokeni ya kipindi cha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1830 na mwanzo wa 1840. Senti ya wakati huo ilikuwa kubwa, na tokeni hizo zikafuata ukubwa wake, takribani milimita 28.

## Kununua

14. Nianze na zipi?

Tokeni za uzalendo zilizo za kawaida, zikiwa na hali nzuri, mara nyingi hupatikana kwa makumi machache ya dola. Nunua tatu au nne ujifunze rangi, unene na sauti ya shaba halisi. Kisha chagua njia: mji mmoja, kazi moja kama vile waoka mikate au wauza dawa, picha moja kama vile meli. Anayenunua kila anachokiona hujaza kasha, lakini hapati wa kumsimulia.

Chama cha Civil War Token Society, kilichoanzishwa mwaka 1967, huchapisha jarida na kuendesha minada ya wanachama. Kwa aliye mbali na maduka ya Marekani, uanachama wa namna hiyo una faida kuliko kununua kwa kubahatisha.

15. Nitajuaje kama ni bandia?

Uzito peke yake hauamui, kwa sababu hata tokeni halisi hazikuwa na uzito mmoja. Tazama herufi. Kipande kilichopigwa kwa muhuri kina herufi zenye kingo kali zinazoinuka wima, ilhali kilichomiminwa katika kalibu kina herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika, vitundu vya hewa uwandani (yaani sehemu tupu isiyo na picha wala herufi), na pengine mstari wa kuungana ukizunguka ukingo. Ikishikwa na sumaku, irudishe. Nakala zilizotengenezwa kihalali nchini Marekani tangu sheria ya 1973 zinatakiwa kuwa na neno COPY, na wapo wanaolikwangua. Kagua kwa makini sehemu yoyote iliyopigwa msasa.

16. Inafaa kuagiza kwa posta?

Inafaa, mradi kifurushi kisajiliwe na thamani halisi iandikwe. Tunza risiti pamoja na picha ya pande zote mbili kabla ya kutumwa. Muulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: je, kipande kimewahi kusafishwa? Sababu iko katika swali linalofuata.

## Kutunza

17. Je, nisafishe shaba ing'ae?

Usisafishe. Najua ushauri huu ni mgumu kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo shaba ilisuguliwa kwa ndimu na majivu hadi ikaonyesha uso wa mtu. Tokeni yangu ya kwanza, ya mwuza dawa, ilikuja na rangi ya kahawia kama korosho iliyokaangwa vizuri. Niliitia katika ndimu na chumvi kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Ilitoka na wekundu mkavu usio na uhai, na kwa kioo nikaona uwanda wote umetobokatoboka, pamoja na mkia wa herufi R uliokuwa umesalia tangu 1863. Rangi ile ya kahawia ilikuwa ngozi yake, iliyoota kwa miaka zaidi ya mia moja, na haikurudi. Bado ninayo, katika kasha la peke yake.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta au gundi ya plastiki kwa asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto, bila kusugua.

18. Ninaishi pwani. Unyevu utaziharibu?

Utaziharibu zikiachwa wazi. Hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ina chumvi, na shaba huota kutu ya kijani. Tumia vifuko visivyo na plastiki ya PVC, kasha linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ukivibadilisha mara kwa mara. Shika ukingo tu, kwa vidole vikavu. Tokeni za madini ya risasi zisiwekwe katika sanduku la mbao, kwa sababu mvuke wa asidi utokao kwenye mbao huzigeuza unga mweupe.

## Maswali ya wenye uzoefu

19. Nimepata ya fedha. Nani angetoa chenji ya senti moja kwa fedha?

Hakuna. Tokeni za fedha, na nyingine zilizopigwa juu ya sarafu halisi, zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa wakati uleule, kwani mafundi waligundua mapema kwamba kuna watu wanaolipia kitu cha pekee. Ni za kweli na za zama zake, lakini hazikununua mkate. Wapo wanaozitukuza. Mimi nafsi yangu huvutiwa zaidi na shaba iliyosagika, ila soko haliko upande wangu.

20. Pande mbili za kipande changu hazipatani. Ni kosa?

Mara nyingi si kosa. Fundi alikuwa na mihuri mingi na aliioanisha apendavyo, kwa hiyo jina la duka huweza kukutana na kaulimbiu ya uzalendo, au mihuri miwili ya uzalendo isiyohusiana ikakutana. Baadhi ya maoanisho hayo yalifanywa makusudi kwa wakusanyaji (swali la 19). Ufa mwembamba ulioinuka uwandani, kama uzi, ni alama ya muhuri uliokuwa ukipasuka. Ukilinganisha urefu wa ufa huo kwenye vipande kadhaa unaweza kujua kipi kilipigwa kwanza.

21. Tokeni yangu imetobolewa. Nitupe?

Usitupe. Tundu hushusha bei sana, lakini wengine waliivaa tokeni shingoni au kuifunga kwenye mnyororo wa saa, hasa zenye bendera. Angalia tundu liko wapi: likiwa juu kabisa ya kichwa au ya bendera, picha hukaa wima ikining'inizwa, na hapo aliyeitoboa alikusudia ionekane.